Daktari wa Mifugo Anajibu: Shaba ametolewa kizazi, siku ya nne anataka kuruka ukuta

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Mbezi, Dar es Salaam. Nina mbwa jike anaitwa Shaba, ana mwaka mmoja na nusu na uzito wa kilo 18. Jumamosi alifanyiwa upasuaji wa kutolewa kizazi. Siku mbili za mwanzo alilala tu, tukamhurumia. Leo ni Jumatano, amechangamka, anataka kukimbia, na tukigeuza macho kidogo tu anaulamba mshono. Kola ya plastiki tuliyopewa ameshaivunja. Pembeni ya mshono kumetokea uvimbe mdogo, laini. Mume wangu anasema tumfungulie usiku kama kawaida, maana ndiye mlinzi wetu na mtaani wezi wamezidi. Jirani ameniambia nipake majivu kidonda kikauke. Mwingine anasema oili chafu ndiyo inayofukuza nzi. Dada wa kazi anauliza kama tumpe Panadol. Nifanye lipi, niache lipi? Nitajuaje kwamba amepona? Na je, bado atalinda?
*Mama Shaba, Mbezi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hata kabla hujamaliza kusoma, fanya mambo mawili: usiku wa leo Shaba asifunguliwe, na ulimi wake usifike tena kwenye mshono. Mengine yote tutayazungumza, lakini hayo hayangoji.

Najua inavyokuwa nyumbani. Mbwa akilala bila kula, kila mtu anakuwa muuguzi. Akishasimama na kutikisa mkia, watu wanashusha pumzi na kusema amepona. Mimi ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi. Siku ya nne na ya tano maumivu yamepungua, mbwa hajui kwamba amekatwa, na tumbo lake bado limeshikiliwa na uzi tu.

Fikiria kilichofanyika. Daktari alipasua ngozi, akapasua ukuta wa tumbo, akaifunga kwa uzi imara ile mishipa inayopeleka damu kwenye ovari (vifuko vya mayai) na kwenye mfuko wa uzazi, akavitoa vyote, kisha akashona tabaka kwa tabaka mpaka nje. Wewe unaona mstari mfupi wa kidole kimoja au viwili. Chini yake kuna mshono mwingine usiouona, na huo ndio unaozuia utumbo usitoke. Ngozi hufunga ndani ya siku 10 hadi 14. Ukuta wa ndani unachelewa: hata ngozi ikishakuwa safi na manyoya yameanza kuota, ule wa ndani bado haujarudisha nguvu zake. Kwa hiyo mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa kwa nje na bado akapasuka kwa ndani akiruka.

Nimempokea alfajiri mbwa wa namna hiyo. Alifunguliwa usiku, akamfukuza paka mpaka juu ya ukuta, akaanguka. Waliponiletea, utumbo ulikuwa nje umejaa mchanga. Huyo tulimwosha, tukamshona upya, akapona. Si wote wanaobahatika hivyo. Mwambie mzee wa nyumba kwamba nimeuelewa wasiwasi wake, wala siubezi. Lakini kazi kubwa ya mbwa mlinzi ni kubweka, na kubweka kwa kawaida anaweza hata akiwa ndani ya stoo au kwenye kibaraza chenye mlango. Mlazeni humo, dirisha liwe wazi asikie nje. Mwizi akipita, mtaamshwa vilevile.

Chumba hicho kiwe na sakafu inayofagilika, na atandikiwe gunia safi au kanga kuukuu inayobadilishwa kila siku. Asilale kwenye mchanga. Asifungwe mnyororo mfupi, kwa sababu mbwa aliyefungwa mnyororo huruka na kujinyonga akiona mtu, na kila mruko unavuta mshono. Kwenda haja mtoeni kwa kamba, mtembee naye polepole dakika tano hadi kumi, kisha arudi. Ngazi, kochi, kurukia bodaboda ya baba ikiingia getini, kucheza na mbwa mwenzake, vyote visubiri. Kama kuna mbwa mwingine pale nyumbani, watenganisheni kwa sababu nyingine pia: yule rafiki atamlamba kidonda kwa mapenzi tu, na atakifungua.

Sasa kola. Watu wengi wanaamini mate ya mbwa ni dawa. Mdomo wa mbwa umejaa bakteria, na ulimi wake unakwaruza. Akilamba kwa nusu saa usiku mmoja anaweza kuufungua mshono wote, na akianza kuzing'ata nyuzi, haimchukui hata dakika tano. Kama huwezi kupata kola nyingine, chukua ndoo ya plastiki ambayo kichwa chake kinaingia vizuri. Toboa tundu kubwa kwenye kitako, kichwa kipite, na ukingo wote ulioukata uuzungushie kitambaa au plasta nene usimchane shingo. Toboa matundu madogo manne kulizunguka lile kubwa, pitisha vitambaa, vifunge kwenye mkanda wake wa shingoni. Mdomo wa ndoo upite pua yake kwa vidole viwili au vitatu. Ikiwa fupi zaidi, atajikunja na kufika. Siku ya kwanza atagonga kila mlango na kukuangalia kwa masikitiko. Usimvue kwa huruma. Maji na chakula viweke kwenye bakuli pana lililoinuliwa kidogo juu ya tofali, na kama hawezi kula akiwa nayo, mvue ukiwa umekaa pale pale, amalize, umvishe.

Wengine wanapenda fulana. Inafaa, hasa kwa mbwa mtulivu: chukua fulana ya pamba, mkia upite tundu la shingo, miguu ya nyuma ipite mikononi, halafu upande wa mbele ufungwe mgongoni. Ila ikikojolewa, ibadilishe hapo hapo, na kila ukiifua ipige pasi ya moto pande zote mbili kabla ya kumvisha. Huku kwetu kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje na kwenye mchanga wenye mkojo. Funza wake huingia kwenye ngozi nzima, isiyo na hata kidonda. Mama zetu walipokuwa wakituambia nepi za mtoto zipigwe pasi, walikuwa na sababu.

Uvimbe ulionieleza unanipa matumaini, lakini lazima uuangalie kwa mkono. Osha mikono, Shaba alale chali au ubavu huku mtu amemshika kichwa, uguse taratibu. Ukiwa laini kama puto lenye maji, hauna joto, hautoi kitu, na hashtuki ukiugusa, mara nyingi huo ni maji ya mwili yaliyokusanyika chini ya ngozi. Huwapata sana mbwa waliorukaruka mapema. Usiukamue, usiutoboe kwa sindano. Ukimtuliza, mwili huyanyonya wenyewe katika wiki chache. Ukigusa kitu kigumu kidogo cha ukubwa wa harage kwenye mstari wenyewe, huenda ni fundo la uzi. Lakini ukiubonyeza na ukaona unarudi ndani ya tumbo kisha unatoka tena, au kila siku unakua, au ni wa moto na mwekundu, huo si wa kungojea nyumbani. Piga picha leo, piga picha kesho saa hiyo hiyo kwenye mwanga ule ule, umtumie daktari aliyemfanyia upasuaji. Picha mbili zilizopigwa vizuri zinamsaidia kuliko maelezo marefu ya kwenye simu.

Kuhusu majivu na oili: hapana, na naomba umwambie jirani kwa upole. Majivu yanaingiza uchafu ndani ya kidonda kilichofungwa kikiwa safi. Oili chafu ya gari imebeba mabaki ya vyuma na kemikali za injini. Inaunguza ngozi, na mbwa atailamba yote. Spiriti na dawa za kusafishia sakafu zinaua chembe changa zinazojenga ngozi mpya. Hata ile GV ya bluu, ingawa haina ukali huo, inaficha wekundu, na wekundu ndio ninaotaka uuone mapema. Mshono mzuri unahitaji kuwa mkavu na kuachwa. Ukichafuka na matope, chemsha maji, yapoe, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe kimoja, chovya kitambaa safi, futa kwa kugusagusa bila kusugua, halafu kausha. Basi.

Panadol asipewe. Parasetamoli iliyomo ndani yake ikizidi huharibu ini la mbwa na damu yake (kwa paka kidonge kimoja tu kinatosha kuua, mjue hilo wenye paka). Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo kila duka la dawa linazo, hutoboa tumbo la mbwa vidonda na kuziumiza figo. Wapo wanaoniambia, "Lakini daktari alimpa dawa ya maumivu, meloksikamu, na mimi ninayo nyumbani." Ni kweli mbwa hupewa meloksikamu baada ya upasuaji, ila kwa kipimo chake. Kwa siku zinazofuata ile ya kwanza ni kama miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Shaba wa kilo 18 anahitaji chini ya miligramu 2 kwa siku, wakati kidonge kidogo cha binadamu kina miligramu 7.5. Hiyo ni mara nne ya anachohitaji. Kwa hiyo ukiona anaumwa, yaani anahema akiwa amepumzika, anatetemeka, hataki kulala upande mmoja, anakaa kaa na kuinuka, mpigie aliyempasua na umwombe dawa ya maumivu ya mbwa. Una haki ya kuiomba. Zamani kulikuwa na wazo kwamba maumivu yanamtuliza mbwa asiruke. Mimi sikubaliani nalo hata kidogo. Maumivu yanamnyima usingizi na hamu ya kula, na yanachelewesha kupona.

Antibiotiki zilizobaki kutoka kwa mtoto nazo ziacheni kabatini. Upasuaji safi uliofanywa vizuri hauhitaji siku nyingi za antibiotiki, labda daktari aone sababu.

Chakula kwa sasa kiwe chepesi na cha kawaida yake: ugali laini au wali na dagaa waliooshwa mpaka chumvi ikatoka, au nyama iliyochemshwa bila viungo. Mchuzi wenye vitunguu asipewe, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku pia hapana. Kama hakupata choo siku tatu za mwanzo usishtuke, alikuwa amefungishwa kula na dawa za usingizi hupunguza mwendo wa utumbo. Kikohozi kidogo siku mbili za mwanzo nacho hutokana na ule mpira wa kupumulia uliowekwa kooni.

Asioge mpaka siku ya 14, na asiogeshwe dawa ya kupe. Hasa ile ya ng'ombe inayochanganywa kwenye ndoo. Kupe watoeni kwa mkono, mkivaa glavu. Kupe nina ugomvi nao wa muda mrefu, kwa sababu mojawapo ya magonjwa wanayoeneza hupunguza chembe za damu zinazogandisha, na mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kuvuja damu baada ya upasuaji uliofanywa vizuri kabisa. Ikiwa Shaba alikuwa na kupe wengi kabla ya kupasuliwa, mwambie daktari. Nzi wafukuzeni kwa usafi: kinyesi kiondolewe mara moja, sakafu ikauke, dirisha liwe na wavu. Na angalieni sisimizi wasipande kwenye tandiko usiku, wanafuata harufu ya damu.

Sasa yale ya kukufanya uondoke nyumbani hata kama ni saa nane usiku. Vuta mdomo wa juu uangalie fizi. Ziwe za waridi. Ukibonyeza kwa kidole pawe peupe, kisha rangi irudi ndani ya sekunde mbili. (Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, tazama ndani ya kope la chini.) Fizi nyeupe, pumzi za haraka, miguu baridi, tumbo linalojaa na mbwa asiyetaka kusimama: hiyo ni damu inavuja ndani, na hakuna cha kufanya nyumbani. Damu inayodondoka mfululizo, usaha, harufu mbaya, kutapika mara kwa mara, kutokula zaidi ya siku moja, au joto la nyuzi 39.7 na kupanda, vyote vinataka daktari siku hiyo hiyo. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2, linapimwa kwenye njia ya haja kubwa. Ukimgusa pua hujajua kitu. Na utumbo ukionekana nje, usiurudishe. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa yale maji ya chumvi, mzungushie kanga tumboni, zuia mdomo wake, mkimbize.

Mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda, kwa hiyo watoto wasimkumbatie wiki hizi. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 na mtu aende kituo cha afya, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu ni kama hakuna anayepona. Angalia cheti cha chanjo cha Shaba. Kama mwaka umepita, mwambie daktari siku atakayokagua mshono.

Siku hiyo ni kati ya ya 10 na ya 14. Kama nyuzi ni za nailoni, zitatolewa. Kama ni za kuyeyuka, zilizozikwa chini ya ngozi, hazitolewi, lakini mpeleke hata hivyo. Daktari akiridhika, kola itoke, matembezi ya kamba yaongezwe kidogo kidogo, na kulinda usiku bila kufungwa kuanze baada ya wiki ya tatu au ya nne.

Na ndiyo, atalinda. Mbwa hatetei nyumba kwa sababu ya kizazi chake. Kitakachobadilika ni mwili: atahitaji chakula pungufu kwa kama robo, la sivyo atanenepa, na mbwa mnene ndiye anayeonekana mvivu. Ulichomfanyia ni kikubwa. Hatapata ule usaha wa kizazi unaowaua majike wengi wiki chache baada ya joto (msimu wao wa kutaka dume), na hutaamka asubuhi ukute madume wamevunja ua. Kama alipasuliwa akiwa kwenye joto, madume bado yanaweza kumfuata wiki moja au mbili. Asipandwe kwa vyovyote, kovu la ndani linaweza kupasuka.

SWALI: Daktari, mbwa wangu alitolewa kizazi mwaka jana, lakini mwezi huu sehemu zake zimevimba, anatoa damu kidogo na madume wamejaa getini. Inawezekana?
*Msomaji, Moshi*

JIBU: Inawezekana. Kipande kidogo cha ovari kikibaki ndani kinaendelea kutoa homoni, na joto linarudi miezi au hata miaka baadaye. Mpeleke wakati dalili zipo, siyo zikishapita, maana ndipo kipimo cha ukeni au cha damu kinapoonyesha jambo. Akithibitishwa atahitaji kupasuliwa tena kukitafuta kipande hicho. Lakini damu ikiwa inatoka bila msimu, na ndani kuna nyama inayofanana na koliflawa, huo ni uvimbe wa kuambukizana kwa kupandana, ambao huku kwetu uko mwingi kwa mbwa wanaozurura. Unatibika kwa sindano za wiki kadhaa. Ukimwahi, unapona vizuri.

SWALI: Jike wangu ana watoto wa wiki tatu. Nataka afungwe kizazi asizae tena. Naweza kumpeleka sasa?
*Baba Amani, Mombasa*

JIBU: Subiri, kaka. Watoto waachishe ziwa wakiwa na wiki sita hadi nane, kisha mpe mama wiki mbili au zaidi mpaka matiti yakauke; matiti yaliyojaa maziwa yanavuja damu wakati wa kukata na maziwa yakiingia kwenye mshono ni taabu. Madume yasimfikie muda wote huo. Usiku wa kuamkia upasuaji asipewe chakula, maji aachiwe mpaka asubuhi, na akirudi nyumbani wale watoto wasikae naye chumba kimoja, watamtafuta titi na kuukwaruza mshono.